Kuliamsha Gari la Mama Tabita

Nilipokuwa na miaka kumi na minne hivi, nililewa kazini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonijia kwanza kila nikishika kalamu, na kalamu yenyewe sijaizoea sana, niliishia darasa la nne. Kulikuwa na mzee mmoja pale Hombolo mwenye shamba la zabibu, alikuwa anatengeneza mvinyo wake mwenyewe kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha mvinyo kutoka kwenye pipa kwenda kwenye madumu kwa kutumia mpira. Unaingiza mpira ndani ya pipa, unavuta kwa mdomo, ukisikia unakuja unautoa haraka na kuuelekeza kwenye dumu lililo chini. Wenzangu walikuwa wanautoa mapema, mvinyo unakatika, wanaanza upya. Mimi nilikuwa na kifua, nilivuta mara moja tu. Ila siwezi kuandika uongo kwenye daftari langu mwenyewe: nilikuwa nachelewa kuutoa mdomoni. Siku ya tatu walinikuta nimelala katikati ya mizabibu naimba wimbo wa kuswaga ng'ombe, na ng'ombe hawapo.

Nikafukuzwa. Baba hakuniambia neno, na baba yangu akinyamaza ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Shangazi yangu aliyekuwa anauza karanga Dodoma mjini akasema, "Nileteeni. Kama kipaji chake ni kuvuta mpira, nitampeleka mahali ambapo akimeza hatarudia." Akanipeleka kwa Mzee Sefu, fundi magari.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa mjini hasa. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akafika hapa akaugua miguu, wenzake wakaendelea Tabora, yeye akabaki akaoa. Mzee Sefu alipenda kusema ukoo wao mzima uko Dodoma kwa sababu ya malengelenge. Alikuwa mfupi, mpole, kofia hakuivua hata akiwa chini ya lori. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Unajua kuvuta mpira?"

"Najua, shikamoo."

"Marahaba. Salamu kwanza siku nyingine. Haya, vuta."

Lilikuwa lori la petroli, la kizamani. Nikavuta kwa kifua kile kile cha Hombolo. Vijana, sitaki kuwaeleza sana. Nilitapika mpaka jioni, nikapewa maziwa, ambayo siku hizi wauguzi wanasema si dawa hata kidogo. Nilipoweza kukaa, Mzee Sefu alichuchumaa mbele yangu akasema, "Sasa umeijua. Hutaisahau harufu yake maisha yako yote." Aliamini hivyo, nami nikaamini hivyo.

Habari za nani alikuwa mkuu wa gereji mwaka gani, na nani alipandishwa nani akaachwa, nazipita. Jumanne, ambaye ndiye mkubwa wenu sasa, ameniletea hili daftari nyumbani mara mbili akisema, "Mzee, waandikie vijana kazi ulivyoifanya." Mara ya pili akaongeza, "Na waandikie kwa nini uliondoka bila kuaga, maana wao wanadhani unaumwa." Siumwi. Naandika.

Mzee Sefu alitufundisha kwa pua. Alikuwa na vitambaa vinne kwenye makopo yenye vifuniko: kimoja petroli mpya, kimoja petroli iliyolala, kimoja dizeli, kimoja petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Anakufunga macho kwa kitambaa cha tano, ananusisha, unajibu. Ukikosea unafagia gereji. Nilifagia majuma mawili, kisha sikufagia tena. Petroli mpya inachoma puani na kupotea. Iliyolala inanuka kama rangi ya mlango iliyoanza kuganda, ina uchachu, inakaa. Ukifungua kabureta ya gari lililosimama muda mrefu, pua inakwambia kabla hujashika bisibisi. Ukivua plagi, inuse: ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, tafuta umeme; ikiwa kavu haina harufu, mafuta hayafiki, rudi nyuma. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Wengine wana masikio, kuna fundi alikuwa anasikia valvu moja mbovu gari likiwa ng'ambo ya barabara. Mimi sikuwa na masikio hayo. Nilikuwa na pua.

Cha pili alichotufundisha ni dripu. Hapa mnielewe vizuri, maana ninyi mnapenda mashine za kusoma. Gari likigoma na huna hakika kama kosa liko kwenye tangi, bomba, pampu au kabureta, unachukua chupa ya dripu ya hospitali na mpira wake, unaijaza petroli kidogo, unaitundika chini ya boneti iliyo wazi, unapeleka mafuta moja kwa moja kwenye kabureta kwa kushuka tu. Gari likiunguruma vizuri kwa dripu, kabureta na umeme havina kesi. Mshitakiwa yuko nyuma: pampu, bomba, tangi. Umeshakata kazi nusu.

Tatizo la dripu ni kwamba ule mpira ni mzuri mno kwa macho. Ni mweupe, unaona mafuta yakipita, unakatika kwa wembe, unaingia kwenye kila bomba. Kwa hiyo mafundi wa hapa tulikuwa tunauacha humo humo garini. Mpira wa gari ukipasuka na dukani hakuna, unakata kipande cha dripu, unaunga, mteja anakwenda. Lakini petroli inaukausha ule mpira, unakuwa mgumu kama ukucha, na joto la injini linaulegeza pale ulipoungwa, unachomoka. Mzee Sefu alijua. Alikuwa anaukubali kwa siku moja tu, na kwa sharti moja: "Aliyeuweka aendeshe mwenyewe, na pua yake isilale." Kama unavuja utausikia, utasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuwahi kutuunguza.

Mzee Sefu alikufa kitandani kwake, kofia yake ikiwa kichwani. Nikaendelea na wengine, kisha na Jumanne. Nilifanya magari mengi, sitayataja. Ila kuna Landrova moja ya bwana mifugo ilinisumbua wiki nzima, inakwenda kilomita chache inazima, ukingoja inawaka, inakwenda inazima. Nilifungua kila kitu. Mwishoni nilikuta nyigu wale wanaojenga kwa matope wameziba kibomba cha kupumulia tangi. Mafuta yakitoka na hewa isipoingia, tangi linajinyonga lenyewe. Ukikaa kidogo hewa inapenya, gari linawaka. Liandikeni hilo mahali, litawafaa, mimi lilinifaa.

Sasa Mama Tabita.

Mama Tabita ni muuguzi mstaafu, anakaa Kikuyu, Mgogo mwenzangu, ana sauti ya kuita wagonjwa kwenye foleni mpaka leo. Alikuja gereji asubuhi ya Jumatatu, akasimama mlangoni, akaita, "Mbukwenyi!" kwa salamu ya kwetu, mafundi wote wakageuka.

"Ndahani yuko wapi?"

"Niko huku chini, Mama Tabita."

"Toka nikuone. Mambo ya kuongea na miguu ya mtu nilimaliza wodini."

Nikatoka. Akanieleza. Marehemu mume wake aliacha gari, ile saluni ya Kifaransa ambayo sisi tulikuwa tunaiita kwa namba zake, nne sifuri nne. Lilikuwa bandani chini ya turubai tangu mzee alipofariki, miaka kumi na tisa. Mjukuu wake, Neema, aliyemaliza chuo kikuu pale Chimwaga, anaolewa Jumamosi, kanisani Hombolo. Na babu yake alimwahidi akiwa mtoto wa miaka mitano kwamba siku ya ndoa atampeleka kwa gari lile.

"Wameniletea gari la kukodi, jeupe, refu kama jeneza," alisema Mama Tabita. "Nimewaambia warudishe. Mtoto ataenda na la babu yake. Ndahani, litawaka?"

"Likiwaka litafika?" akauliza Jumanne pembeni, na hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kuwasha gari na kufika Hombolo ni vitu viwili.

"Litafika," nilisema mimi. Sijui kwa nini nilijibu haraka vile. Labda kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Tukaenda kwake Kikuyu, tukaliondoa turubai. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, na kuku mmoja alikataa kutoka, tukafanya kazi naye siku ya kwanza. Nilifungua kizibo cha chini cha tangi, nikakinga beseni. Kilichotoka kilikuwa chekundu, kizito, kama chai iliyosahaulika jikoni. Jumanne alirudi nyuma hatua mbili akaziba pua kwa mkono.

"Mzee! Hii si petroli, hii ni rangi ya mlango!"

Niliinama juu ya beseni. Nikavuta pumzi.

Hakuna kitu.

Nikavuta tena, nikisema moyoni labda ni upepo. Hakuna kitu. Nikainua kichwa nikasema, "Imelala hii. Miaka kumi na tisa, unategemea nini?" Nikasema kama mtu aliyesikia.

Niwaambie ukweli, haikuwa siku ya kwanza. Mke wangu alikuwa ameshaniambia maharage yanaungua nami nimekaa karibu na jiko nasikiliza redio. Siku nyingine nilikunywa maziwa yaliyochacha, nikayamaliza. Nilijua. Lakini kuna kujua kwa nyumbani na kujua kwa kazini, na hapo katikati nilikuwa nimeweka ukuta. Gereji nilikuwa nanusa plagi mbele ya wateja kama kawaida, natikisa kichwa, nasema "mafuta yanafika," kumbe nimeangalia tu kama imelowa. Macho yalikuwa yanafanya kazi ya pua na hakuna aliyejua.

Kesho yake ilikuwa siku ya tangi. Tulilishusha, tukatia changarawe na maji ya sabuni, tukalitikisa sisi wawili kama watu wanaopepeta mtama, kutu ikatoka mpaka mikono ikafa ganzi. Tukalisuuza, tukalianika juani siku nzima, na jua la Dodoma mnalijua, halihitaji kuombwa. Msilirudishe tangi likiwa na unyevu, mtaanza upya baada ya mwezi. Bomba la kwenda mbele tulilipuliza kwa kompresa ya matairi, likakohoa vumbi jekundu na kipande cha kitu kilichokuwa zamani mdudu.

Kabureta niliifanya peke yangu mezani, Jumatano. Vijitundu vya jeti, vile vinavyopima mafuta, msivichokonoe kwa waya wa chuma, mtavipanua na gari litakunywa mafuta kama ng'ombe kisimani. Tumieni uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Boya lilikuwa zima, sindano yake ilikuwa imegandia kwenye kiti chake, nikailoweka. Pampu, ule mpira wa ndani ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Jumanne alizunguka maduka ya vipuri nusu siku, akarudi na wa gari jingine, nikaukata ukakaa. Mama Tabita alikuja mchana na uji kwenye chupa. Alisimama tu anatazama vipande vya kabureta vilivyotandazwa kwenye gazeti, kisha akasema, "Nimeona watu wamefunguliwa tumbo wakiwa wamepangwa vizuri kuliko hivi."

"Atapona, mama."

"Ndiyo walivyokuwa wanasema madaktari."

Nilicheka, nikarudi kwenye kabureta yangu.

Alhamisi asubuhi nilitundika dripu. Mama Tabita mwenyewe ndiye aliyetoa chupa na mpira, mpya, kutoka kwenye sanduku lake la zamani. Nikapeleka mafuta kwenye kabureta, nikamwambia Jumanne apige stata. Likazunguka, likazunguka, likapiga chafya, moshi mweusi, kisha likaunguruma. Laini. Majirani wakaja. Mama Tabita akakaa kwenye kigoda akashika kichwa. Neema alitoka ndani na nywele nusu zimesukwa.

"Shikamoo, babu. Ni lenyewe?"

"Marahaba. Ni lenyewe. Hilo hapo."

"Nilidhani bibi anatania. Babu, niko siriasi, kilomita zote zile litafika? Mimi naogopa kukaa barabarani na gauni. Gauni lenyewe la kuazima."

"Litafika."

Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mchana tukafunga bomba la kweli, tukatia petroli kwenye tangi, tukatoka kulijaribu. Kilomita nne, likazima. Nikakaa nyuma ya usukani. Jumanne akafungua boneti, akavua mpira, hakuna mafuta. Tukakaa kidogo, likawaka. Likazima tena. Nilikuwa nafikiria pampu, kama nimekata mpira vibaya, nafikiria Ijumaa, nafikiria lile gari jeupe refu kama limesharudishwa kweli. Kisha nikaikumbuka Landrova ya bwana mifugo. Nikashuka, nikafungua kifuniko cha tangi, likavuta hewa kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyetoka majini. Nyigu. Nyigu wale wale wa matope, ndani ya kibomba cha kupumulia. Tulikizibua kwa uzi wa waya, gari likaenda mpaka njia panda na kurudi, halikuzima. Nilirudi nyumbani naimba. Mke wangu akasema, "Leo umekuwaje?" Nikamwambia, "Bado naweza."

Ijumaa jioni, katika kukagua mara ya mwisho, niliona mpira unaotoka pampu kwenda kabureta umepasuka kidogo pale unapopinda. Ule mpira wa zamani uliolala miaka yote hiyo, umekubali siku mbili za petroli mpya kisha umefunguka kama ngozi ya kisigino. Jumanne alikuwa ameshaondoka, ameitwa kwenye kamati ya vyakula ya harusi. Nikaenda maduka mawili, hakuna kipimo kile. La tatu limefungwa. Nikarudi, nikaona kwenye meza mpira wa dripu wa Mama Tabita, mrefu, msafi, mpya.

Nilijua. Nimewaandikia hapo juu kwamba nilijua. Nilijiambia ni siku moja tu, na naendesha mwenyewe, na ukivuja nitausikia. Nilijiambia hivyo kwa maneno ya Mzee Sefu, kama vile pua yangu ilikuwa bado ile ya vitambaa vinne. Mtu anaweza kujidanganya kwa sheria nzuri. Nikakata kipande, nikaunga, nikafunga bendi ncha zote mbili, nikawasha, nikatazama dakika kumi. Hakuna tone. Sikumwambia mtu.

Jumamosi walilipamba kwa riboni nyeupe. Neema alikaa nyuma na msimamizi wake, msichana mnene mcheshi aliyekuwa anashika pembe za gauni kama anabeba mtoto. Mama Tabita alikaa mbele, pembeni yangu. Jumanne alikuwa nyuma yetu kwa pikipiki, na nyuma yake magari matatu ya ndugu, honi, vigelegele. Tukatoka.

Hatujaenda mbali, Neema akasema, "Babu, linanuka petroli."

"Gari la zamani lazima linuke, mjukuu wangu."

Nimewaambia wateja maneno hayo mara ngapi? Yanatoka yenyewe. Msimamizi akafungua dirisha. Akasema, "Tukifika kanisani mchungaji atadhani bibi harusi ameolewa na fundi." Wakacheka. Mama Tabita hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, siyo barabara.

"Ndahani, inanuka sana."

"Limelala muda mrefu, mama. Linajitoa."

Mimi nilikuwa natazama mshale wa joto, na masikio yangu yote yako kwenye injini, nangoja izime. Nilikuwa na hofu ya kitu kisichokuwepo. Haikuzima hata mara moja, ilikuwa inakwenda vizuri kuliko siku zote, na mimi nikawa nasema kimoyomoyo, fika, fika. Mji ulikuwa umebaki nyuma, mashamba ya mtama pande zote.

"Babu, simama," Neema akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Simama natapika."

Nilikasirika. Mungu anisamehe, nilikasirika kwa sababu kusimama kulikuwa na hatari ya kutowaka tena. Nikaegesha, injini sikuizima. Neema akashuka akashika bega la msimamizi wake, gauni kwenye vumbi. Mimi nikaenda mbele nikafungua boneti, ili nionekane nafanya kitu.

Mpira wa dripu ulikuwa umechomoka upande wa kabureta, umebaki umening'inia kwenye bendi. Mafuta yalikuwa yanatiririka pembeni ya injini na kudondokea kwenye bomba la eksozi, na pale yalipodondokea yalikuwa yanafuka. Siyo moshi. Mvuke tu, mwembamba, unaoyumba. Injini ilikuwa bado inawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta.

Nilikimbilia ufunguo nikazima. Nikapiga kelele watoke wote, waende mbali. Mama Tabita alikuwa ameshawavuta wale wasichana wawili mpaka upande wa pili wa barabara, kwa nguvu za muuguzi, gauni limeshikwa na miiba. Jumanne aliruka kutoka kwenye pikipiki, akailaza chini, akaja anachota mchanga kwa mikono anamwagia chini ya gari. Tukangoja. Injini ilikuwa inalia tik, tik, tik, inapoa. Haikushika moto. Sijui kwa nini haikushika moto, sina maelezo ya kifundi, msiniulize.

Jumanne alipoinama kwenye injini aliziba pua. "Mzee, hii tangu nyumbani ilikuwa inavuja. Nimeisikia nyuma yako nikadhani ni magari mengine ya barabarani." Kisha akauona ule mpira. Aliutazama, akanitazama, akauweka mfukoni mwake haraka kabla ndugu hawajafika. Mpaka leo hajawahi kuutaja. Akarudi kwenye pikipiki yake, akavua mpira wake wa mafuta, ule mweusi wa kweli, ulikuwa mwembamba kidogo, akausukuma kwa mate na nguvu mpaka ukaingia, akafunga bendi. Akafuta kila kitu kwa kitambaa na maji. Wakati anafanya hayo mimi niliinama, nikaweka uso karibu kabisa na injini iliyolowa petroli, karibu hata nyusi zikagusa. Nikavuta pumzi kwa kifua chote.

Nilipoinuka Mama Tabita alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hukusikia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Sikusikia."

"Tangu lini?"

Aliuliza kama anavyouliza mgonjwa, na mimi nikajibu kama mgonjwa. "Kama miaka mitatu. Nilidhani ni mafua tu, yakaisha, pua haikurudi."

"Na Jumatatu uliniambia litafika."

"Ndiyo."

"Na mtoto akakwambia linanuka."

"Ndiyo."

Ndugu walikuwa wameshafika, wanasema mambo ya kupakia bibi harusi kwenye gari lao, wengine wanasema turudi. Neema akavuka barabara, macho mekundu, mdomo ameufuta kwa kiganja. Akamuuliza Jumanne, siyo mimi, "Kaka, sasa liko salama?"

Jumanne akainama akanusa injini, upande huu, upande ule, chini. Hakuharakisha. "Liko salama. Nitaendesha mimi."

"Basi naenda nalo," Neema akasema. "Babu yangu aliahidi." Akanigeukia, na hapo ningependa angenitukana. "Na wewe babu panda, kuna nafasi mbele na bibi, mtabanana."

Nikampa Jumanne ufunguo. Nikasema nabaki na pikipiki, maana haina mpira, haiwezi kuachwa. Mama Tabita akapanda, akafunga mlango taratibu, hakunitazama. Gari likawaka kwa stata ya kwanza. Nilisikiliza mpaka mlio ukapotea kwenye mashamba, safi, haukukatika. Walifika, niliambiwa baadaye, kengele zikiwa zinapigwa.

Niliikokota pikipiki mpaka nyumba ya kwanza, nikamwomba mama mmoja aliyekuwa anaanika ufuta aitunze, mwenyewe atakuja kuichukua. Akaniuliza kama naenda harusini, kwa kuwa nilikuwa na shati jeupe na ua kifuani. Nikatoa lile ua nikampa. Kisha nikageukia upande wa mjini nikaanza kutembea, na gereji yenu sijaikanyaga tangu siku ile.